Tembo Aliyepoteza M: Mazungumzo na Walimu wa Madarasa ya Mwanzo Kuhusu Konsonanti Mwambatano

Walimu wenzangu, wazazi mliojitokeza, na nyinyi wanachuo mliokimbilia viti vya nyuma kana kwamba nitawauliza maswali: hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie konsonanti mwambatano, yaani namna ya kumfundisha mtoto mdogo kusoma na kuandika mb, nd, ng', kw, mbw na jamaa zao. Nina jambo moja tu la kusema, mengine yote ni maelezo yake. Tunawaimbisha watoto mwambatano kupita kiasi na tunawaandikisha kidogo mno. Tena wakishaandika, tunawahi kuchora alama ya kosa kwa kalamu nyekundu kabla hatujasoma walichoandika.

Chukueni daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu ametaja "tembo", mtoto ameandika "tebo". Ametaja "nyumba", mtoto ameandika "nyuba". "Kwenda" imekuwa "kweda". Wengi wetu hapo tunasema mtoto huyu hayuko makini. Hebu tazameni vizuri. Hakuacha t, hakuacha irabu hata moja, wala ny, ambayo ina herufi mbili, haikumshinda. Kila mara ameacha m au n iliyotangulia konsonanti nyingine. Mtoto asiye makini hukosea ovyo ovyo. Huyu anakosea kwa utaratibu, na kosa la namna hiyo lina sababu.

Sababu iko mdomoni. Semeni "tembo" polepole, kila mtu na jirani yake. Midomo inafunga mara moja tu kwa ajili ya m na b. Hakuna mahali ambapo m inakwisha, midomo ikaachana, ndipo b ikaanza. Tofauti yake ni njia ya hewa: kwanza inapita puani, kisha kaakaa laini linanyanyuka, njia ya pua inaziba na b inapasuka. Kwenye nd ni ulimi uliogusa mara moja usibanduke, na ng vivyo hivyo, ila huko nyuma ya kinywa. Ndiyo maana wanaisimu wengi huihesabu mb ya tembo kuwa konsonanti moja inayoanzia puani. Sasa mtoto aliyeambiwa aandike kila sauti anayoisikia amesikia t, amesikia e, amesikia kitu fulani cha midomo, amesikia o. Sauti nne. Ameandika herufi nne. Kwa hesabu yake amemaliza kazi, na anashangaa kuona daftari limerudi na wekundu.

Wala si watoto wa Kiswahili peke yao. Mwaka 1971 Charles Read, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake wa maandishi ya watoto wadogo wa Kiingereza waliokuwa wakijiandikia kabla hawajafundishwa tahajia. Nao walikuwa wakiiruka m na n iliyotangulia konsonanti nyingine. Baadaye Rebecca Treiman akachunguza maandishi ya wanafunzi wa darasa la kwanza na kukuta makosa ya aina hiyohiyo. Lugha ni mbalimbali, pua ni zilezile.

Kuna maneno tunayopenda kujifariji nayo, kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, basi tahajia yake haina kazi. Mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti wa makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, na walichosisitiza ni kwamba hata lugha yenye tahajia iliyonyooka hivi humpa mtoto kazi ya kweli. Nakubaliana nao. Unyoofu wa tahajia humsaidia yule ambaye tayari anazisikia sauti zikiwa zimeachana. Asiyezisikia, unyoofu huo hauoni.

Kwa hiyo tunaanza na sikio, na Kiswahili kimetupa mali ambayo walimu wengi hawaitumii: maneno mawili mawili yanayotofautiana kwa hiyo m au n tu. Funga na fuga. Pinga na piga. Vunja na vuja. Shinda na shida. Kunja na kuja. Tunza na tuza. Kamba na kaba. Mbao na bao. Ngoma na goma. Mwambie mtoto, "Baba amefuga mbuzi," halafu, "Baba amefunga mbuzi." Mwulize ni yupi kati ya mbuzi hao anayeweza kutembea. Atacheka, lakini atakuwa amesikia. Hapo ndipo umwambie abane pua kwa vidole viwili aseme "fuga". Linatoka bila taabu. Sasa aseme "funga" na pua bado imebanwa. Linakwama katikati. Kilichokwama ndicho kile alichokuwa akikiacha kwenye daftari, na safari hii amekigusa kwa vidole vyake. Zoezi hili halihitaji kitabu wala umeme. Linahitaji mwalimu asiyeogopa darasa lenye kelele za pua.

Baada ya sikio ndipo inakuja herufi, na hapa naomba niseme juu ya ule wimbo. Mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Darasa zima linaitikia, mwalimu mkuu anayepita dirishani anaridhika. Mimi sina ugomvi na wimbo wenyewe, nina ugomvi na kuuamini. Mwite mtoto mmoja ubaoni, umwonyeshe "mbo" iliyoandikwa peke yake, halafu usitazame ubao, tazama midomo yake. Utamwona ananong'ona: mba, mbe, mbi... "mbo!" Jibu ni sahihi na mtoto hajasoma. Amehesabu hatua za wimbo mpaka akafika. Ukichanganya mpangilio, mbi ikatangulia, ikafuata ndu, kisha mbe, baadhi ya waliokuwa wakiimba kwa nguvu kuliko wote watanyamaza.

Dawa yake ni maneno ambayo hayapo. Andika "zembu", "pondwi", "lumbwe", mwambie mtoto haya ni majina ya wadudu wa sayari nyingine. Hawezi kuyakisia kwa picha wala kuyakumbuka kwa wimbo, itabidi ayasome. Kuna wazazi hulalamika kwamba mwalimu anafundisha maneno ya uongo. Waelezeni kwamba ni kipimo tu, cha dakika mbili, na kesho mtarudi kwenye maneno ya kweli.

Jambo jingine ni jinsi sisi wenyewe tunavyoitamka konsonanti tunapoionyesha. Tunagonga ubao tunasema "mu", tunagonga tena "ba", kisha tunamtaka mtoto aunganishe apate "mba". Kwa haki kabisa yeye anapata "muba". Irabu tumemwekea wenyewe. M haihitaji irabu ili isikike. Funga midomo, uvute mmm, uiachie kwenye ba bila kukata pumzi. N nayo inavutika, na s, na sh, na f. Zisizovutika, kama b, d, k na t, zitamkwe fupi kadiri inavyowezekana, mkia wa irabu usisikike.

Nikishafika hapo lazima niitaje ile m ya peke yake, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watoto kuliko zote na vitabu vingi huipita mbiombio. Mtoto amefundishwa miezi mingi kwamba silabi ni konsonanti na irabu: ba, ka, ma. Kisha anataka kuandika neno analolijua siku zote, "mtoto". Anaandika "mutoto". Wapo watoto wanaoandika hivyo kwa sababu nyumbani husemwa hivyo, na kwa hao tatizo si la tahajia, ni la matamshi, uliondoe kwa kuzungumza nao. Lakini wapo wanaosema "mtoto" vizuri kabisa na bado wanaandika "mutoto", kwa kuwa tumewaambia konsonanti haisimami bila irabu. Sheria tuliyowapa ndiyo iliyozaa kosa.

M ya mtu, mti, mke na mtoto ni silabi kamili. Pigeni makofi: m-tu, mara mbili. M-to-to, mara tatu. Lakini m ya mbuzi si silabi: mbu-zi, makofi mawili tu, na m imo ndani ya kofi la kwanza. Sasa chukueni "mbuni". Akiwa ndege, ni mbu-ni, makofi mawili. Akiwa mtu anayebuni mavazi, ni m-bu-ni, makofi matatu. Herufi hazijabadilika hata moja. Au chukueni mbu, yule mdudu. Neno fupi kama hilo mkazo wake unaiangukia m, linakuwa m-bu, makofi mawili sawasawa na mbuzi. Mbwa, nzi, nge na nchi ni hivyohivyo. Msimweleze mtoto wa miaka 6 habari za mkazo na mashina ya silabi moja. Mpigishe makofi tu, mikono yake itajua kabla ya kichwa. Nyinyi walimu, hata hivyo, mnapaswa kuijua sababu, maana siku moja mtoto mwerevu atawauliza kwa nini mbu ya mbuzi ina kofi moja na mbu ya kuuma ina mawili.

Hapohapo, kidogo tu: silabi za tembo ni te na mbo. Kompyuta zikivunja neno mwisho wa mstari huweza kuandika "tem-bo". Mtoto anayefundishwa te-mbo asubuhi na kusoma tem-bo mchana ana haki ya kulalamika.

Sasa nitoke kwenye pua niende kwenye herufi mbili zinazoandika sauti moja: ch, sh, ny, th, dh, gh, ng'. Hizi si mwambatano wa sauti, ni mwambatano wa wino. Ch haina shida sana, kwa sababu c haisimami peke yake katika Kiswahili, kwa hiyo ch ifundishwe tangu mwanzo kama herufi moja nene. Sh vilevile. Th, dh na gh zina shida yake: mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti hizo ataandika "zahabu" na "selasini" kwa kuwa ndivyo asemavyo. Hapo kalamu nyekundu haisaidii kitu. Kwa th na dh, mweke ulimi kati ya meno mbele ya kioo kwanza.

Ng' ndiyo inayonikosesha usingizi. Watu wazima, wenye digrii, wanaandika "n'gombe". Wanajua kwamba kuna ritifaa, kile kialama cha juu ('), mahali fulani, wanaitupa popote iangukie. Nadhani chanzo ni kwamba tulifundishwa ritifaa kama pambo la neno moja, ng'ombe, badala ya kufundishwa kazi yake. Kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba g hapa haipasuki. Semeni "ngoma": mnaisikia g ikilipuka. Semeni "ng'oa": hakuna mlipuko, ni mlio wa puani unaoteleza moja kwa moja kwenye o. Ritifaa inakuja baada ya g kwa sababu g ndiyo inayonyamazishwa. Mtoto akilielewa hilo, hawezi kuiweka baada ya n, maana n haijanyamaza. Nawashauri ng na ng' zisifundishwe wiki moja. Fundisheni ng, ikomae, mpite kwenye mengine, ndipo mrudi na ng' ikiwa na maneno yake: ng'oa, ng'aa, ng'ata, ng'ambo, nong'ona.

Zana inayotusaidia kutenganisha sauti na herufi ni ya zamani na ni ya bure. Daniil Elkonin, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti, aliwapa watoto visanduku vilivyochorwa, kimoja kwa kila sauti, wasogeze kitufe ndani ya kila kisanduku wanapolitamka neno polepole. Herufi zinakuja baadaye. Kwa Kiswahili mimi nachora hivi: tembo ina visanduku vinne, t, e, mb, o. Mtoto anajua kisanduku cha tatu kina wapangaji wawili, kwa hiyo akiandika b peke yake anaona nafasi imebaki. Ng'ombe nayo ina vinne: ng', o, mb, e. Herufi sita na ritifaa moja, visanduku vinne tu. Mtu ina vitatu, kila mmoja na chumba chake. Mbuni ndege ana vinne, mbuni wa mavazi ana vitano. Ama kw na mw, mimi huziweka kisanduku kimoja, na wapo wenzangu wanaoziweka viwili na watoto wao wanasoma bila tatizo. Shikeni mojawapo, ila msibadilishe katikati ya mwaka.

Kuhusu hiyo w, kosa lake la kawaida ni kugeuka u: "mualimu", "kuenda", "kitabu kimefungua" pale alipotaka kusema kimefungwa. Ponyeni kosa hili kwa sarufi ambayo mtoto tayari anaisema. Hakuna mtoto anayechanganya "nimefungua mlango" na "mlango umefungwa" anapozungumza. Mwambie ayaseme yote mawili apige makofi: fu-ngu-a, matatu, fu-ngwa, mawili. W haina kofi lake. Kisha mpe vitenzi anavyovipenda avitie w: penda, pendwa, vunja, vunjwa, tunza, tunzwa, imba, imbwa, chosha, choshwa. Kwa njia hiyo mwambatano wa herufi tatu, ndw, njw, nzw, mbw, shw, unaingia bila kuandikiwa chati ya kutisha ukutani. Anajenga juu ya kitu alichonacho. Na akiisahau w kwenye "kunywa", msijisumbue. Darasa litamsahihisha kwa kicheko kabla hamjafungua mdomo.

Sasa somo lenyewe likoje? Nimeulizwa hili mlangoni, nitalijibu kwa ufupi. Dakika 15 zinatosha, kila siku, na ziende kutoka sautini kwenda kwenye herufi. Taja neno, mtoto alirudie, ahisi mdomo, asogeze vitufe, aandike, ndipo asome alichoandika mwenyewe. Kisha badilisha herufi moja: funga, tunga, tunda, tundu. Kila hatua mtoto anafuta kimoja na kuandika kimoja, hivyo analazimika kujua ni sauti ipi iliyobadilika na inakaa wapi. Kutoka tunga kwenda tunda ndipo penye kazi, kwa sababu g imegeuka d lakini n imebaki, na mtoto anayefuta zote mbili amewaonyesha kwamba bado anaziona kama kitu kimoja kisichofunguka. Malizieni kwa imla ya sentensi moja fupi. Moja. Imla ya maneno 20 humchosha mtoto, na mwalimu anayesahihisha madaftari 60 atasahihisha akiwa amelala.

Mnaposahihisha, andikeni pembeni kwenu, si kwa mtoto, ni aina gani ya kosa: ameacha ya puani, ameongeza irabu, amegeuza w kuwa u, amepoteza ritifaa. Baada ya wiki mbili tatu mtaona darasa limejigawa lenyewe katika makundi, na mtajua kesho mmwite nani mkae naye. Na mtoto ambaye anaendelea kuacha sauti nyingi, hata zile zisizo za puani, kwa muda mrefu, mzazi ashauriwe apimwe masikio kabla hatujamwita mzembe.

Yamebaki maneno ya kukopa. Daktari, plastiki, skrini, blanketi, treni. Hapa konsonanti zimekutana kweli, kila moja ni sauti yake, na mtoto anazitenganisha kwa irabu kama alivyozoea: "dakitari", "pulasitiki". Kwenye visanduku hizi zisikae pamoja, k apewe chake na t apewe chake. Na kwa tahajia, msimwambie amekosea. Msomeeni "dakitari" kama alivyoandika, apige makofi: manne. Halafu semeni "daktari" kama anavyolisema mwenyewe akiwa mgonjwa, apige tena: matatu. Mpeni kifutio, mkae kimya. Ataitafuta ile i mwenyewe.